AKTINI: UZI UNAOJUA UMRI WAKE

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mwaka huu nimeonelea tuweke kando kidogo ngeli na isimujamii, tuingie ndani ya seli. Msishtuke. Wapo wanaosema ati Kiswahili ni lugha ya mashairi na insha tu, na kwamba Biolojia ikifika pahali pagumu basi Kiswahili hakina budi kunyamaza. Mimi sikubaliani nao, lakini mabishano matupu hayajengi nyumba. Dawa ni moja tu: kuchukua jambo gumu kwelikweli na kulieleza kwa Kiswahili mpaka lieleweke. Ukisoma makala hii hadi mwisho na usielewe, basi hao wana haki yao. Ukielewa, mjadala umekwisha.

Jambo nililochagua ni protini iitwayo aktini. Mada ya misuli itatufikia Kidato cha Nne, na huko tutafunzwa kwamba msuli hukaza kwa sababu nyuzi za aktini na za mayosini hutelezeana. Hiyo ni kweli. Lakini katika maelezo hayo aktini huonekana kama kamba tu, inavutwa na mwenzake, yenyewe haina lake. Ninachotaka kuwaonyesha ni kwamba hii si kamba ya kawaida. Kila punje ya uzi huu imebeba alama inayoonyesha imekaa humo kwa muda gani, na alama hiyo ndiyo inayoamua kama punje itashika au itaachilia.

ILIGUNDULIWA WAPI?

Turudi nyuma hadi mji wa Szeged, nchini Hungaria, wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia. Huko alikuwako Profesa Albert Szent-Györgyi, ambaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka wa 1937 kwa kazi iliyohusu, pamoja na mengine, vitamini C. Baada ya hapo maabara yake iligeukia misuli. Mayosini ilikuwa imejulikana tangu karne ya 19, na wengi walidhani ndiyo protini ya pekee inayofanya kazi ya kukaza msuli.

Mwenzake, Ilona Banga, alikuwa akisaga msuli na kuuloweka katika maji ya chumvi ili mayosini itoke. Akiuchuja mapema, alipata maji mepesi. Akiuacha usiku kucha, asubuhi alikuta kitu kizito kama uji. Tena uji huo, ukitiwa ATP, ulirudi kuwa mwepesi. Kwa nini? Mwaka wa 1942 kijana mmoja wa maabara hiyo, Brunó Straub, alipata jibu: katika uji ule mzito mlikuwa na protini ya pili iliyojichanganya na mayosini. Akaiita aktini, kwa kuwa inaiamsha mayosini.

Mwaka wa 1950 Straub na mwenzake Feuer wakaongeza jambo jingine, na hili ndilo kiini cha somo letu. Walikuta kwamba punje ya aktini iliyo peke yake hubeba ATP, lakini punje zikiungana kuwa uzi, ATP ile hugeuka kuwa ADP. Yaani kujiunga na uzi na kubadilika kwa mzigo ni mambo yanayokwenda pamoja, kama chanda na pete.

UMBO LA PUNJE MOJA

Tangu 1942 miaka ikapita karibu hamsini bila mtu kuliona umbo la aktini vizuri. Unajua kwa nini? Ili wanasayansi wapate picha ya protini kwa eksirei, lazima kwanza waifanye fuwele, kama vile chumvi inavyofanya fuwele maji yakikauka. Aktini ilikataa. Kila walipoikusanya kwa wingi, punje zilishikana zikawa nyuzi badala ya kujipanga kuwa fuwele. Hatimaye kikundi cha Heidelberg, Ujerumani, wakiwemo Wolfgang Kabsch na Kenneth Holmes, kiliifungia aktini na protini nyingine inayoizuia kuungana. Fuwele zikapatikana, na mwaka wa 1990 dunia ikaliona umbo lenyewe.

Punje moja imetengenezwa kwa mnyororo wa asidi amino 375. Uzito wake ni kama daltoni 42,000, na upana wake ni kama nanomita 5.5. Nanomita moja ni sehemu moja ya milimita iliyogawanywa mara milioni. Kwa hiyo ukizipanga punje hizi mstari mmoja kando kwa kando, katika milimita moja tu ya rula yako zitaingia zaidi ya 180,000. Ebu itazame hiyo rula tena!

Sasa chukua daftari lako, lifungue, ulisimamishe mezani. Ukurasa wa kushoto na wa kulia ni zile pande mbili za punje ya aktini. Kila upande una sehemu ya juu na sehemu ya chini, kwa hiyo jumla ni sehemu nne. Wataalamu wamezipa nambari: upande mmoja una sehemu 1 chini na 2 juu, upande wa pili una sehemu 3 chini na 4 juu. Pale katikati, kwenye mkunjo wa daftari, pana ufa mrefu. Ndani ya ufa huo ndimo inamokaa ATP, pamoja na ayoni moja ya magnesiamu inayosaidia kuishika.

Mzigo huu si pambo. Ndio unaozishikanisha pande mbili za daftari. Punje ya aktini isiyo na ATP wala ADP haidumu: umbo lake huharibika upesi.

Kuna mambo mengine mawili ya kukumbuka katika umbo hili. Juu ya sehemu ya 2 kuna kitanzi chepesi kinachochezacheza. Na chini, kati ya sehemu ya 1 na ya 3, kuna mfereji mdogo. Kitanzi cha punje iliyo chini huingia katika mfereji wa punje iliyo juu yake. Hapo ndipo punje zinaposhikana.

KUTOKA PUNJE HADI UZI

Sote tumeona kamba ya katani: nyuzi mbili zimesokotwa zikazungukana. Uzi wa aktini ni hivyo hivyo. Una mistari miwili ya punje iliyosokotana, unene wake ni kama nanomita 7, na mistari hiyo hupishana kila baada ya kama nanomita 36. Kila punje inayoongezwa hurefusha uzi kwa nanomita 2.75. Si 5.5, kwa sababu punje huingia kwa zamu, moja mstari huu na moja mstari ule.

Kuanzisha uzi ni vigumu. Punje mbili zikikutana, kwa kawaida huachana mara moja. Zikifika tatu au nne zikashikana, hapo msingi umepatikana, na zinazofuata huingia kwa kasi. Ni kama kuwasha moto wa kuni: shida ni kule kuanza.

Punje zote hutazama upande mmoja. Ndiyo maana ncha mbili za uzi hazifanani. Ncha moja, ile yenye sehemu 1 na 3 zikitazama nje, hupokea punje mpya haraka. Tuiite ncha ya kasi. Nyingine, yenye sehemu 2 na 4, hupokea polepole. Tuiite ncha ya pole. Tafadhali yashike majina haya, tutayahitaji.

Na kuna jambo lililojulikana vizuri mwaka wa 2009, kutokana na kazi ya Toshiro Oda na wenzake nchini Japani. Punje ikiwa peke yake, kurasa mbili za lile daftari hazilingani sawasawa: moja imejipinda kidogo ukilinganisha na mwenzake. Punje ikiingia kwenye uzi, kurasa hizo huzungushwa kwa kama digrii 20 na kuwa bapa. Digrii 20 ni kitu kidogo, ni chini ya robo ya pembe mraba. Lakini msokoto huo mdogo ndio unaoianzisha saa ya aktini.

HALI TATU ZA PUNJE

ATP ni adenosini trifosfeti. Neno lenyewe linatuambia ina fosfeti tatu. Ya tatu ikikatwa kwa maji, hubaki adenosini difosfeti, yaani ADP, na fosfeti moja iliyo huru. Katika aktini mambo haya hayatokei kwa mpigo mmoja. Hutokea kwa hatua mbili, na hivyo kuna hali tatu:

Hali ya kwanza: ATP. Hii ni punje changa, ndiyo kwanza imeingia kwenye uzi. Fosfeti zote tatu ziko mahali pake.

Hali ya pili: ADP pamoja na fosfeti. Fosfeti ya tatu imekatwa, lakini bado haijatoka. Imebaki imefungiwa ndani ya ufa.

Hali ya tatu: ADP peke yake. Fosfeti imeondoka. Punje sasa ni mzee.

Muda wa hatua hizi umepimwa. Ukianza na punje nyingi zenye ATP ndani ya uzi, nusu yake huwa zimeikata fosfeti baada ya kama sekunde 2 tu. Lakini fosfeti iliyokatwa haina haraka ya kutoka: nusu ya punje huchukua kama dakika 6 kuiachilia. Basi uzi una saa mbili, moja ya sekunde na moja ya dakika.

Je, punje iliyo peke yake nayo hukata ATP? Hukata, lakini kwa uvivu wa ajabu. Ndani ya uzi kazi hiyo hufanyika zaidi ya mara 40,000 kwa kasi kuliko nje. Sababu ni ule msokoto wa digrii 20. Kurasa zikiwa bapa, asidi amino zilizo karibu na ATP husogea, na molekuli ya maji hupata nafasi ya kukaa mkabala na fosfeti ya tatu na kuishambulia. Kwenye punje iliyo peke yake maji yako karibu, lakini yako pembeni, hayawezi kupiga sawasawa. Ni kama mpiga penalti aliyewekewa mpira nyuma yake.

Hili si la kukisia. Mwaka wa 2022 Wout Oosterheert, Stefan Raunser na wenzao wa Dortmund, Ujerumani, walichapisha picha za nyuzi za aktini zilizogandishwa na kutazamwa kwa hadubini ya elektroni. Picha hizo zilikuwa kali kiasi kwamba hata molekuli za maji zilizo ndani ya ufa zilionekana. Mwaka uliofuata, 2023, walieleza jinsi fosfeti inavyotoka: kuna mlango wa nyuma, ambao komeo lake ni asidi amino nambari 177 na nambari 111 zikishikana. Katikati ya uzi mlango huo umefungwa, hufunguka kwa nadra tu. Ndiyo maana fosfeti hukawia.

SURA NI ILE ILE

Sasa ngojeni niwaulize swali. Punje changa na punje mzee, je, zinafanana kwa sura?

Wengi walitarajia tofauti kubwa. Mwaka wa 2001 watafiti wa Marekani walitoa umbo la punje moja yenye ADP, na katika umbo hilo kile kitanzi cha sehemu ya 2 kilikuwa kimejisokota kama springi. Ikadhaniwa kwamba hiyo ndiyo siri: ATP ikiwamo kitanzi kinalegea, ADP ikiwamo kinajisokota. Wengine wakapinga, na mabishano yakaendelea kwa miaka. Lakini nyuzi zenyewe zilipopigwa picha katika hali zote tatu, kazi iliyochapishwa mwaka wa 2019 na tena ile ya 2022, ilionekana kwamba umbo la jumla ni karibu moja. Changa na mzee ni kama mapacha.

Hata hivyo tabia zao ni mbalimbali kabisa. Uzi wenye ADP hupindika kwa urahisi zaidi kuliko uzi ambao bado una fosfeti ndani yake. Punje zenye ADP pia huchomoka nchani upesi zaidi. Wahenga walisema umdhaniaye ndiye kumbe siye. Ukitaka kuijua punje ya aktini usiitazame usoni, tazama imebeba nini mfukoni. Kitu kidogo kama fosfeti moja, chenye atomu zisizofika hata kumi, kinabadilisha tabia ya kitu chenye maelfu ya atomu.

UZI UNAOTEMBEA

Faida ya saa hii ni nini? Ni hii: inaufanya uzi uweze kutembea.

Tulio Kidato cha Tatu tunaijua mada ya moli, kwa hiyo nitatumia vipimo vyake. Ncha ya kasi huendelea kukua maadamu punje zilizo huru ndani ya maji zinazidi kama mikromoli 0.1 kwa lita. Ncha ya pole huhitaji zaidi, kama mikromoli 0.6 kwa lita, la sivyo hupungua. Je, kukiwa na kiwango kilicho katikati, tuseme 0.3? Ncha ya kasi inaongezewa punje, ncha ya pole inapoteza punje. Punje inaingia huku, inasukumwa nyuma na zinazoifuata, inazeeka njiani, na mwishowe inatokea kule. Uzi mzima unasonga mbele ilhali kila punje imekaa mahali pake. Jambo hili lilielezwa na Albrecht Wegner mwaka wa 1976.

Na hapa ndipo umuhimu wa saa unapoonekana. Kama punje zingebaki na mzigo ule ule mwanzo hadi mwisho, ncha zote mbili zingekuwa na kiwango kimoja cha kukua na kupungua. Uzi ungekua kote kote au ungepungua kote kote. Usingetembea. Kukatwa kwa ATP ndiko kunakotofautisha mbele na nyuma.

Seli hutumia ujanja huu kila siku. Seli nyeupe ya damu inayofukuza bakteria husukuma ukingo wake wa mbele kwa nyuzi za aktini zinazokua. Lakini seli haiachi kazi ijiendee tu, ina wasaidizi. Mmoja ni protini iitwayo kofilini. Kofilini huipenda aktini yenye ADP kuliko yenye ATP au yenye fosfeti. Hushika sehemu zilizozeeka na kuukata uzi hapo, nayo sehemu changa iliyo mbele huiacha. Msaidizi wa pili ni profilini. Huyu hupokea punje zilizochomoka, huharakisha kutoka kwa ADP ili ATP iingie mahali pake, kisha huzipeleka kwenye ncha ya kasi. Mmoja anabomoa, mwingine anafufua, na mzunguko haukatiki. Usione vyaelea, vimeundwa.

TUSICHANGANYE ATP MBILI

Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa, kwa hiyo mnisikilize vizuri.

Tutakapofunzwa mada ya misuli tutaambiwa kwamba ATP hutumika msuli unapokaza. Hiyo ni ATP ya mayosini. Kichwa cha mayosini hukata ATP, hushika uzi wa aktini, huuvuta, kisha huhitaji ATP nyingine ili kiachilie. Ndiyo maana maiti hukakamaa: ATP imekwisha, mayosini haiwezi kuachilia. Kwamba nyuzi hutelezeana bila zenyewe kufupika kulielezwa mwaka wa 1954, katika makala mbili: moja ya Hugh Huxley na Jean Hanson, nyingine ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke.

ATP iliyo ndani ya ufa wa aktini ni nyingine kabisa. Haivuti chochote. Kazi yake ni kuonyesha umri. Katika msuli, nyuzi za aktini zina urefu wa kama mikromita moja, zimefungwa kwa vifuniko kwenye ncha zote mbili ili zisikue wala kupungua ovyo, na karibu punje zao zote zimebeba ADP. Hata hivyo msuli hukaza vizuri tu. Kwa hiyo ukiulizwa ni ATP ipi inayotia nguvu msuli, jibu ni ya mayosini. Ukiulizwa ni ipi inayoufanya uzi ujengwe na kubomolewa kwa mpango, jibu ni ya aktini. Moja ni kama mafuta ya gari, nyingine ni kama tarehe iliyopigwa kwenye pakiti ya maziwa. Hakuna gari linaloendeshwa kwa tarehe!

UZI UKICHEZEWA

Labda kuna anayesema, "Sawa, lakini haya yananihusu nini?" Yanakuhusu sana.

Chukua sumu kwanza. Kuna uyoga wa Ulaya uitwao Amanita phalloides, ambao umewaua watu wengi. Mojawapo ya sumu zake, falloidini, hujibana kwenye uzi wa aktini na kuuzuia usibomoke. Katika Bahari ya Shamu kuna sifongo anayetoa latrunkulini, ambayo hufanya kinyume: hujipachika karibu na ufa wa ATP, kati ya sehemu ya 2 na ya 4, na punje ikawa haiwezi tena kujiunga na uzi. Moja inazuia kubomoa, nyingine inazuia kujenga, na zote mbili ni balaa kwa seli. Tunajifunza kwamba uhai hauko katika kujenga tu. Uko katika kujenga na kubomoa kwa wakati wake.

Chukua magonjwa ya kurithi. Binadamu ana jeni sita za aktini. Mwaka wa 1999 iligunduliwa kwamba mabadiliko katika jeni ya aktini ya misuli ya mifupa husababisha ugonjwa ambao mtoto huzaliwa na misuli dhaifu, pengine hata kupumua kunamshinda. Asidi amino moja kati ya 375 ikikosewa inatosha kuleta msiba. Si ajabu basi kwamba aktini haijabadilika sana tangu zama za kale: ile ya hamira tunayotia kwenye mandazi inafanana na ya misuli yetu kwa kama asilimia 87.

Mwisho, chukua malaria, adui tunayemjua sote. Kimelea cha malaria kinachotoka katika mate ya mbu hakina miguu wala mkia, lakini kinateleza kwenye ngozi kwa kasi ya kama mikromita 1 hadi 2 kila sekunde, kasi kubwa kuliko ya seli zetu nyingi zinazotambaa. Injini yake ni aktini na mayosini. Kinapoingia ndani ya chembe nyekundu za damu pia hutumia injini hiyo. Na aktini yake ina vituko: nyuzi zake ni fupi mno, kama nanomita 100, na hazidumu, zinajengwa na kubomoka haraka. Kwa kuwa inatofautiana na yetu, wanasayansi wanaichunguza kwa hamu. Atakayejua jinsi ya kuisimamisha saa ya aktini ya kimelea bila kuigusa ya binadamu atakuwa amekifunga pingu kabla hakijaingia nyumbani. Pengine mtu huyo yumo humu shuleni, anasoma ukurasa huu.

HITIMISHO

Tumeona kwamba punje ya aktini ni kama daftari lenye sehemu nne na ufa katikati. Kwamba ikiingia kwenye uzi huwa bapa kwa digrii 20. Kwamba msokoto huo huanzisha saa, kutoka ATP, hadi ADP na fosfeti, hadi ADP peke yake. Na kwamba sura hubaki karibu ile ile, ilhali tabia hubadilika. Ukisahau mengine yote, likumbuke hili moja: aktini haihukumiwi kwa sura, inahukumiwa kwa kile inachokibeba.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Uzi wa aktini una urefu wa mikromita 1. Ikiwa kila punje huongeza nanomita 2.75, una punje ngapi?

2. Taja hali tatu za punje ya aktini, ukianza na changa hadi mzee.

3. Kwa nini punje iliyo peke yake hukawia kukata ATP?

4. Kofilini hupenda kushika sehemu ipi ya uzi, na hilo linaisaidiaje seli?

5. Mwenzako anasema, "Msuli hukaza kwa kutumia ATP iliyo ndani ya aktini." Msahihishe kwa sentensi mbili.

MAJIBU

1. Mikromita 1 ni nanomita 1,000. Ukigawanya kwa 2.75 unapata kama 364.

2. Yenye ATP, yenye ADP pamoja na fosfeti, yenye ADP peke yake.

3. Kurasa zake bado zimejipinda, kwa hiyo maji hayako mkabala na fosfeti ya tatu.

4. Sehemu yenye ADP, yaani iliyozeeka. Hivyo seli hubomoa nyuma bila kuharibu mbele, na punje zinapatikana za kujenga upya.

5. Swali hili la tano sikujibii. Jibu limo katika sehemu isemayo tusichanganye ATP mbili. Lijibu kwa Kiswahili, kisha umpelekee mwalimu wako wa Biolojia alisahihishe.